Nani Alifunga Hili Fundo?

Samaki akipotea, bahari haishtakiwi. Upepo nao huwezi kuuitia baraza. Ndoana ni ya dukani, boti ni ya watu, na samaki mwenyewe ameshakwenda zake upande wa Zanzibar. Kinachobaki mkononi ni ncha ya mshipi, na kwenye ncha hiyo, muda mfupi uliopita, palikuwa na fundo. Fundo lina mwenyewe. Ndiyo maana kwenye boti tunayovulia sisi, nje ya Kigamboni, neno la kwanza baada ya samaki kukata si "poleni". Ni "Nani alifunga hili fundo?"

Asiyevua atadhani watu wa mshipi huchagua fundo kwa kupima uimara. Vitabu ndivyo vinavyosema, na vitabu havijawahi kukaa kwenye boti ya watu wanne wenye maoni kumi na sita. Mimi nimekaa, na ninachokiamini ni kwamba fundo huchaguliwa kama wakili: kila mtu anatafuta lile litakalomtetea mambo yakiharibika.

Na yanaharibika. Hapo nahodha, ambaye ndiye hakimu kwa kuwa boti iko chini yake, huichukua ncha na kuisogeza mpaka karibu na pua, maana miwani huiacha nyumbani isije ikaangukia majini. Ncha iliyokatwa safi, sawasawa, ni meno: kapita nguru au mzia. Ncha iliyochakaa, yenye mikwaruzo kuanzia mwisho hadi dhiraa nzima kwenda juu, ni mwamba. Lakini ikirudi imejisokota, imejaa mawimbi madogo madogo, hiyo ndiyo balaa, kwa sababu mshipi haukukatika. Fundo limeteleza likafunguka. Samaki hana kosa, mwamba hauna kosa, na watu watatu wanageuka pole pole kumtazama wa nne.

Wa nne mara nyingi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Shemeji anafanya kazi ya bima, kwa hiyo yeye kukiri ni jambo asilolifahamu kitaaluma. Utetezi wake ni kwamba fundo alilotumia lilikuwa sahihi, ila halikuwa sahihi kwa siku ile. Siku nyingine atatumia jingine. Na mengine anayo, maana kwenye simu yake mna picha nyingi za mafundo kuliko za watoto. Aliposoma kwamba mwaka 1944 Mmarekani Clifford Ashley alitoa kitabu cha mafundo kilichoyapa namba, na kwamba namba hizo zinapita 3,800, alifurahi kupita kiasi. Nilidhani anafurahia elimu. Kumbe alikuwa anahesabu nafasi za kukata rufaa.

Nahodha, kwa upande wake, ana fundo moja. Alifundishwa na baba yake, na halina jina. Anapitisha ncha kwenye tundu la ndoana, anaizungusha kwenye mshipi mara tano hivi, anairudisha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki pale jirani na tundu, anakaza, basi. Shemeji alipomwona akifunga, akashindwa kunyamaza.

"Nahodha, hilo linaitwa klinchi."

"Linaitwa na nani?"

"Na wazungu."

"Wakija watalikuta."

Shemeji akaendelea kumweleza kwamba siku hizi lipo klinchi lililoboreshwa. Ncha ikishatoka kwenye kitanzi kidogo, inapitishwa tena kwenye kile kikubwa kilichojitokeza juu yake, na hapo inashikwa pande mbili. Nahodha alisikiliza kwa heshima zote, akauliza hilo lililoboreshwa limeshavua nini. Swali lile halikujibiwa, kwa kuwa lililoboreshwa lilikuwa ndiyo kwanza limerudi limejisokota.

Katika mambo yote ya mafundo, liko moja tu ambalo boti nzima inakubaliana: fundo la nailoni halikazwi likiwa kavu. Nailoni ilitangazwa mwaka 1938 na kampuni ya DuPont ya Marekani. Wavuvi waliokuwa wakihangaika na mishipi ya pamba, kitani na hariri inayooza wakapata mshipi usiooza, ila unaochukia joto. Ukikaza fundo kavu, ile mizunguko inasuguana, inapata moto, na nailoni inalegea palepale ambapo wewe unadhani unaiimarisha. Fundo kwa kawaida ndilo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye mshipi, na ukilichoma unalidhoofisha mara mbili. Dawa yake ni kulowanisha kabla ya kukaza. Wengi hutumia mate. Utaratibu huu haukutusumbua hata kidogo mpaka Ramadhani ilipoingia.

Nahodha alikuwa amefunga. Kijana wa boti alikuwa amefunga. Mimi nilikuwa nimefunga. Shemeji alikuwa na vidonda vya tumbo, vile vinavyoonekana mwandamo wa Ramadhani na kupona siku ya Idi. Hakuna aliyemsema. Ila kijana wa boti alipomaliza kuzungusha mshipi wake, alimsogezea fundo mdomoni kwa adabu na kusema, "Kaka, nisaidie hapo." Shemeji akalilamba. Nami nikamsogezea langu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kupanda boti ile, shemeji alikuwa mtu ambaye safari haiendi bila yeye, na cheo kilimkaa vizuri. Alilamba, akakaza, akatoa na maelezo ya kitaalamu, mpaka ulipomfikia mshipi ambao ulikuwa umelala tangu asubuhi ndani ya ndoo ya ngisi wa chambo, juani.

Nahodha alimngoja amalize kutema, akachovya fundo lake baharini, akalikaza.

"Maji ya chumvi yanafaa?" shemeji aliuliza, macho yakimlenga machozi.

"Yanafaa sana."

"Mbona hukusema?"

"Mfungaji hapendezi kusemasema."

Tukija kwenye Palomar, hilo ni fundo linalosifiwa na kila mtu, na sifa zake ni za haki. Unaukunja mshipi uwe mara mbili, unapitisha mkunjo kwenye tundu, unapiga fundo jepesi bila kulikaza, unaipitisha ndoana nzima ndani ya mkunjo, unalowanisha, unavuta. Kwa kuwa mshipi umepita tunduni mara mbili, hata ule wa kusuka, ambao ni mtelezi kuliko nailoni, unakosa njia ya kutorokea. Lakini rudi usome tena: unaipitisha ndoana nzima ndani ya mkunjo. Aliyetoa maelekezo hayo alikuwa na ndoana moja mkononi na amekaa kwenye kiti. Chambo bandia cha kumvulia kolekole kina urefu wa kiganja, na tumboni kinaning'iniza ndoana mbili, kila moja ina ncha tatu. Ncha sita zinatakiwa zipite kwenye mkunjo mmoja, wakati wa kusi, boti ikipanda na kushuka.

Shemeji alianza vizuri. Ndoana ya mbele ikapita. Ya nyuma ikanasa ukingo wa mkunjo. Alipoitikisa ili ijinasue, ya mbele ikashika mkono wa jezi yake. Akainamisha bega ili aione, ya nyuma ikaacha mkunjo na kuingia kwenye jaketi la kuokolea alilokuwa amelikalia. Alitaka kuinuka, jaketi likainuka naye, mshipi ukajizungusha kwenye goti, na wakati huohuo rili ya upande wa pili ikaanza kulia. Samaki alikuwa ameuma.

Fimbo ile ilikuwa ya kwake. Kwenye boti yetu fimbo ya mtu haishikwi na mwingine samaki akishauma, ni mwiko. Kwa hiyo shemeji alikwenda kumvuta samaki wake akiwa na jaketi la kuokolea limening'inia ubavuni, mkono mmoja umefungwa kwenye goti, kila akizungusha rili anajipiga teke. Kijana wa boti alikuja na kisu.

"Nikate wapi, nahodha?"

Hapo pakawa na shauri. Mshipi ule ulikuwa wa kusuka na ghali. Jezi ilikuwa mpya. Jaketi ni la boti na linakaguliwa. Chambo chenyewe kilikuwa cha kuagiza kutoka nje.

"Kata cha bei rahisi," alisema nahodha, na sote kwa pamoja tukamtazama shemeji.

Mwishowe ilikatwa jezi. Samaki alikuwa kolekole mzuri na alipanda botini, jambo linalomuudhi shemeji hadi leo, kwa sababu alikuwa amenasa kwenye fundo la nahodha.

Sasa, kuna watu wanaokataa kufunga mafundo kabisa. Kijana wa boti ni mmoja wao. Yeye anafunga klipu mwisho wa mshipi mara moja asubuhi, kisha kutwa nzima anabadilisha vyambo kwa kuifungua na kuibana. Ni haraka, ni safi, na kidole hakichomwi. Shemeji anaiita udanganyifu, kama mtu aliyeona mwenzake akikata foleni. Alingoja kwa subira kubwa mpaka siku klipu ya kijana iliporudi imefunguka, imenyooka, haina kitu. Alidhani amepata kesi. Kijana akaigeuza ile klipu mkononi na kusema, "Hii sikuifunga mimi, ilikuja imefungwa kutoka kiwandani." Nahodha akamwachia huru papo hapo. Nilimwona shemeji akitoa simu na kutafuta bei ya klipu.

Yapo na mambo ya kitanzi, na hapa lazima nitoe heshima kwa Mfini mmoja. Lauri Rapala alikuwa mvuvi huko Finland, na kwa kutazama maji aligundua kwamba samaki mkubwa akilivamia kundi la wadogo humchagua yule anayeyumba, aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 akachonga chambo bandia kwa koki, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, akakipaka filamu za picha alizoziyeyusha ili maji yasiingie. Kikiburutwa, kiliyumba. Jina lake sasa liko kwenye maduka ya uvuvi dunia nzima. Lakini chambo cha namna hiyo ukikifunga kwa fundo lililobana tunduni, mshipi mnene unakishika shingo na kuyumba kwake kunapungua. Ndipo wataalamu wakashauri kitanzi kisichobana. Unapiga kwanza fundo jepesi kwenye mshipi, unapitisha ncha kwenye tundu, unairudisha ndani ya lile fundo jepesi, unazungusha mara nne au tano, unairudisha tena kulekule ilikotokea, unakaza. Kinabaki kitanzi kidogo, na chambo kinacheza ndani yake.

Shemeji alimweleza nahodha habari hizi zote tukiwa tunarambaza, boti inatembea taratibu na vyambo viko nyuma. Siku hiyo bahari ilikuwa mbaya, na shemeji alikuwa amebadilika rangi tangu tulipolipa kisogo lango la bandari.

"Kwa hiyo samaki anamtaka mgonjwa?" aliuliza nahodha.

"Ndiyo. Anayeyumba, asiyeweza kujisimamia."

Nahodha alimwangalia kwa muda. "Basi tunajisumbua na vyambo vya madukani, Bwana Bima, na wewe tunaye humuhumu."

Jambo lililotufikisha kwenye mabadiliko ya sheria ni mshipi wa kusuka. Mshipi huu ni mwembamba na una nguvu za ajabu kwa unene wake, na uso wake ni mtelezi. Fundo la nailoni ukiliweka juu yake bila kuongeza mizunguko linakushika mkono vizuri ukilivuta, linakuchekea, kisha linafunguka mbele ya samaki. Zipo dawa za kawaida: kuongeza mizunguko, kupitisha tunduni mara mbili, au kuunga kipande cha nailoni mbele na kufunga chambo kwenye nailoni. Shemeji alizipita zote akaenda moja kwa moja kwenye gundi, ile ya kuunga viatu na vikombe, inayokauka kabla hujafunika kichupa. Amesoma kwamba tone moja juu ya fundo linalizuia kuteleza.

Tone lilitoka. Lakini lilitoka boti ilipopanda wimbi, na lilipotua, kidole gumba na kidole cha shahada vya shemeji vilikuwa vimeshikana, katikati yake umepita mshipi wa kusuka. Tuliukata mshipi pande zote mbili. Vidole vilibaki vilivyo, mviringo kamili, vile vitatu vingine vimesimama.

Siku hiyo hatukupata kitu, na nahodha alikuwa na shughuli zake Feri, kwa hiyo tukashukia kwenye soko la samaki la huko. Mnada wa jioni ulikuwa umechangamka. Dalali amesimama juu ya kreti, ndoo za vibua ziko miguuni, bei inapandishwa kwa sauti, kwa kidole, kwa kukonyeza. Shemeji, ambaye muda wote alikuwa ananieleza jinsi gundi ilivyokuwa ya toleo bovu, akainua mkono wake juu ili anionyeshe mahali hasa fundo lilipoanzia.

"Bwana wa kofia!" alisema dalali. "Amekubali! Zake!"

"Hapana, mimi nilikuwa—"

Alipopunga mkono kukataa, dalali akaelewa kwamba anataka na ndoo ya pili. Nyuma yetu watu walishaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa na watu wa maofisini. Shemeji alilipa kwa simu, kwa mkono wa kushoto. Nahodha alitufikia wakati tunabeba ndoo, akaushika ule mkono wa kulia, akavivuta vidole huku na huku kama anavyojaribu mafundo yetu kabla ya safari. Havikuachana.

"Hili sasa," alisema, "ndilo fundo."

Vidole vilikuja kuachana usiku, kwa maji ya moto, sabuni, na dawa ya mke wangu ya kuondolea rangi ya kucha. Vibua tulikula wiki nzima, majirani wakala, paka wakanenepa. Na safari iliyofuata nahodha alitangaza sheria mpya kabla hata injini haijawashwa. Atakayeshtakiwa kwa fundo hatajitetea kwa maneno. Atalifunga tena fundo lilelile, palepale, boti ikiyumba, mikono imelowa, bila simu, na wote tukimtazama. Akiliweza, hana hatia. Akishindwa, atasafisha boti.

Sheria hii imefanya kazi ambayo vitabu havikuifanya. Fundo zuri mezani, ambalo mikono haiwezi kulifunga bila picha mbele yake, halina tena thamani kwenye boti yetu. Kila mtu sasa anafanya mazoezi nyumbani. Mke wangu amekuta mishipi kwenye mpini wa birika, kwenye kitasa cha choo na kwenye mguu wa kiti cha mama mkwe, naye mama mkwe akiwa amekaa. Zile picha za kwenye simu zimefutwa nyingi. Mimi nimebaki na klinchi lililoboreshwa kwa nailoni nyembamba na chambo kidogo, Palomar kwa mshipi wa kusuka pale tu chambo kina ndoana moja, na kitanzi kwa chambo kinachotakiwa kuyumba. Nikipewa mshipi mnene napunguza mizunguko, maana mizunguko mingi kwenye mshipi mnene haikazi ikakaa sawa. Na tukifika penye nguru naufunga waya mbele, kwa kuwa nguru hana habari na fundo. Meno yake yanakata nailoni popote yanapoikuta.

Shemeji amebaki na moja. Ni lile ambalo ncha inarudi, inafanya kitanzi kikubwa ubavuni mwa mshipi, inazungushwa ndani yake mara tano sita, kisha fundo zima linasukumwa mpaka kwenye tundu. Linaitwa uni, na liliwahi kutangazwa sana na mwandishi wa uvuvi wa Marekani, Vic Dunaway. Shemeji amelifanyia mazoezi mpaka sasa analifunga akiwa anazungumza na wateja.

Juzi alipoteza samaki mkubwa. Fimbo iliinama, rili ikalia, kisha kimya. Sote tukageuka. Hakusema neno. Alishika mshipi, akafunga uni mbele yetu, akalichovya baharini, akalikaza, akamkabidhi nahodha. Nahodha akalivuta mpaka likamchora kiganja. Halikuteleza. Ndipo akaichukua ile ncha iliyorudi, akaisogeza karibu na pua. Ilikuwa imekatwa safi, sawasawa. Waya hatukuwa tumefunga siku hiyo.

"Meno," alisema. "Huna hatia."

Nilitarajia shemeji ashangilie. Badala yake alikaa wima, akafuta mikono, na ile sauti ya ofisini ikamtoka.

"Naomba hukumu hiyo kwa maandishi."

"Ya nini?"

"Ya kumbukumbu. Siku nyingine mtasema ilikuwa fundo."

Nahodha aliwasha injini. "Maandishi kamuombe nguru," alisema. "Ndiye aliyekaa na fundo lako mpaka mwisho."